Jua la Mchana, Maji ya Jioni

Septemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alimpa bosi mpya wa Tanesco miezi sita amalize mgawo wa umeme. Wakati huo wanaoishi kwa mashine walikwishazoea ratiba ya ajabu. Fundi wa kuchomelea alilala mchana akaamka usiku wa manane, kwa kuwa ndipo umeme ulipokuwa ukirudi mtaani kwake. Mama mwenye friji ya samaki alikuwa mteja wa kudumu wa muuza barafu. Ilipofika masika ya 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ulikuwa umewashwa, mvua za El Niño zilikuwa zimejaza mabwawa ya zamani, na Tanesco ikatangaza jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia: imezima baadhi ya vituo vya umeme wa maji kwa sababu umeme umezidi.

Tangu hapo, ukitaja sola mbele ya watu wanaofuatilia mambo ya umeme, jibu huwa fupi: tuna Rufiji. Na jibu hilo lina uzito wake. Bwawa lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na mtambo wa mwisho ulikamilika 2025. Uwezo wa mitambo yote nchini umepita megawati 4,000, ilhali mahitaji ya juu kabisa mwaka huohuo yalikuwa karibu megawati 1,900. Kwa mtazamo huo, mtu anayependekeza serikali ikope fedha na kutandika paneli kwenye mamia ya ekari anaonekana hana shughuli ya kufanya.

Mimi naliona kinyume. Rufiji haikuinyang'anya sola kazi. Rufiji ndiyo iliyoipa kazi. Tulipokuwa tukitegemea gesi na mabwawa madogo, umeme wa jua ulikuwa na ila moja kubwa: unapatikana mchana na kuondoka saa kumi na mbili jioni, saa ileile ambayo watu wanarudi nyumbani na kuwasha taa, televisheni, pasi na jiko. Sasa tuna mahali pa kuuweka hadi jioni, na mahali penyewe si betri.

Kila uniti ina tangi lake

Megawati 2,115 ni uwezo wa Rufiji pale mitambo yote tisa inapozunguka kwa nguvu zake zote. Ingezunguka hivyo mwaka mzima bila kupumzika, ingetoa zaidi ya uniti bilioni 18. Lakini umeme uliotarajiwa tangu kwenye michoro ni gigawati-saa 5,920 kwa mwaka, yaani uniti bilioni 5.9 za Luku, chini kidogo ya theluthi moja. Wahandisi hawakukosea. Mto una maji yake, na maji hayo hayatoshi kuzungusha mitambo yote saa 24. Mitambo iliwekwa mingi ili nchi iweze kuchota umeme mwingi kwa saa chache inapouhitaji, kisha ipunguze. Kinachohesabika Rufiji ni maji, wala si mitambo.

Kwa bwawa lenye ukuta wa mita 131, uniti moja ya umeme inahitaji takriban mita za ujazo tatu na nusu za maji yapite kwenye mtambo. Fikiria lile tangi jeusi la juu ya paa, lita elfu tatu na ushee: tangi zima linamwagika kwa uniti moja. Nyumba ya kawaida ya mjini inayonunua uniti 28 kwa Sh10,000 inakuwa imenunua matangi 28 ya maji ya Rufiji, kama umeme wake wote umetoka huko.

Sasa chukua mchana wa mwezi Agosti. Mvua zilikatika Mei, mto umepungua, anga ni nyeupe kuanzia Shinyanga hadi Singida. Paneli zikiingiza umeme kwenye gridi tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, waendeshaji wa gridi wanaweza kupunguza mitambo Rufiji, Kidatu na Mtera kwa kiasi kilekile. Maji ambayo yangepita mchana yanabaki nyuma ya ukuta. Saa moja jioni, nchi ikiwasha taa, milango inafunguliwa. Hakuna kifaa kipya kinachohitajika pale bwawani, kwa kuwa mtambo wa maji ni mwepesi kuongezwa na kupunguzwa. Hii ndiyo biashara ambayo nchi zenye jua tupu zinalazimika kuifanya kwa betri za mabilioni ya dola.

Kiasi chenyewe? Mtambo wa sola wa megawati 50 katika mazingira yetu utatoa kama uniti milioni 80 kwa mwaka. Hizo ni karibu mita za ujazo milioni 280 za maji yaliyosalimika, ambazo kwa bwawa linalobeba zaidi ya bilioni 30 ni kama asilimia moja tu. Kwa hiyo anayeuza habari kwamba megawati 50 zitabadilisha nchi anatia chumvi. Lakini fika megawati 1,000 za sola, na maji yanayobaki yanakaribia mita za ujazo bilioni sita kwa mwaka. Hapo mazungumzo yanageuka.

Kuna pingamizi moja la haki, na wahandisi wa Tanesco wanalijua kuliko mimi. Masika yakiwa makubwa na bwawa likifurika, maji yanamwagwa hata kama hayajazalisha kitu. Siku hizo uniti ya sola haiokoi tone. Tena mto hauwezi kufungwa kabisa mchana kwa ajili ya kubana matumizi: chini ya ukuta kuna wakulima wa mpunga wa Rufiji na Kibiti, kuna mikoko na kamba wa delta, na vyote vinaishi kwa maji yanayoshuka. Faida ya sola iko kwenye miezi ya kiangazi na kwenye miaka mibaya. Na miaka mibaya tunayo.

Miaka ambayo maji yaligoma

Mwaka 2006 ukame ulikausha Mtera, nchi ikaingia gizani, na katika haraka ya kutafuta mitambo ya dharura ukazaliwa mkataba wa Richmond. Februari 2008 kashfa ya mkataba huo ilimwondoa Edward Lowassa katika uwaziri mkuu. Mwaka 2011 mgawo ukarudi. Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, Tanesco ililazimika kuzima mitambo ya maji kwa sababu mabwawa yalikuwa chini ya kiwango cha kuendeshea. Kila mara tulijinasua kwa mitambo ya mafuta ya kukodi, na baadaye kwa gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, hasa baada ya bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam kukamilika 2015.

Majirani zetu wa Zambia walipata somo chungu zaidi. Nchi yao ilikuwa ikitegemea maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme, sehemu kubwa ikitoka Kariba, ziwa ambalo ukubwa wake unaliacha Bwawa la Nyerere mbali. Ukame wa 2024 ulilishusha Kariba hadi wenye viwanda vya Lusaka na Copperbelt wakawa wanapata umeme saa chache tu kwa siku, na mitaa mingine hata hizo haikuzipata. Kilichofuata kinafaa kusomwa na wapanga mipango wa Dodoma: Zambia ikakimbilia jua. Juni 2025 ilizindua mtambo wa megawati 100 wa Chisamba, uliojengwa kwa muda mfupi ukilinganisha na bwawa lolote. Kama wangekuwa nao kabla ya ukame, Kariba ingeingia katika mwaka ule ikiwa na maji zaidi.

Ukame na jua havigombani. Mwaka ambao mawingu hayaji ndio mwaka ambao paneli zinafanya kazi vizuri. Gesi nayo ipo, na itaendelea kuwepo kwa miaka mingi. Mitambo ya Kinyerezi ndiyo iliyotubeba katika vipindi vibaya. Lakini gesi ya kuchoma mchana ili kuhifadhi maji ni gesi ambayo ingeuzwa kwa viwanda vya saruji, au ingeingia kwenye magari, ambako foleni za vituo vya kujazia zinajieleza zenyewe.

Umbali

Rufiji iko kusini-mashariki. Umeme wake unatoka kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, kisha unaanza safari ndefu kuelekea Arusha, Mwanza, Kagera. Machi 2025, akiwa ziarani Kilimanjaro, Rais Samia aliwaambia wananchi kwamba serikali itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya Kanda ya Kaskazini, na akataja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka inayotokana na umeme kupotea njiani. Mitandaoni watu walicheka: tumejenga bwawa kubwa Afrika Mashariki, halafu tunanunua kwa jirani? Kicheko hicho hakikuwa cha haki. Kununua na kuuza umeme kupitia mipaka ni jambo la kawaida, na njia ya kuunganisha Singida na Isinya, Kenya, ilijengwa kwa kazi hiyo. Ila hoja ya umbali ilipaswa kutupeleka kwenye swali jingine: kwa nini tusizalishe hukohuko?

Ndiyo maana ya Kishapu. Wilaya hiyo ya Shinyanga, nchi ya pamba, mtama na almasi ya Mwadui, ndipo serikali ilipoamua kujenga mtambo wake wa kwanza mkubwa wa sola: megawati 150 kwa mpango mzima, zikianza 50. Fedha ni mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, mkandarasi ni Sinohydro ya China, mkataba ulisainiwa 2023. Iko upande wa nchi ambako gridi inalegea zaidi, karibu na migodi na mji wa Shinyanga, na mawingu ni machache.

Watu wengi wanadhani Kishapu imechaguliwa kwa sababu ya joto. Joto ni adui. Paneli inapimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Kila nyuzi inayoongezeka inapunguza umeme kwa takriban theluthi moja ya asilimia. Saa saba mchana Kishapu, kioo cha paneli kinaweza kufika nyuzi 60, na hapo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu imekwisha kwenda. Mwanga mwingi na upepo wa kupoza, kama ule wa nyanda za Singida na Njombe, ni mchanganyiko bora kuliko mwanga mwingi na hari. Halafu kuna vumbi. Paneli zisizofutwa miezi yote ya kiangazi zinapoteza umeme kimyakimya, na kuzifuta kwa maji kunahitaji maji, kitu ambacho Kishapu hawana cha kuchezea. Zinasafishwa alfajiri au usiku, kioo kikiwa kimepoa, maana maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Hayo ni mambo madogo ya uendeshaji, lakini ndiyo yatakayoamua kama miaka kumi baadaye tutakuwa na mtambo wa megawati 50 au wa 35 wenye kibao cha 50.

Sola ambayo haikungoja serikali

Katika mjadala huu wa megawati, mara nyingi tunasahau kwamba vijijini mageuzi ya nishati yalishafanyika bila hotuba. Utafiti wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wa 2016 ulionyesha kuwa, miongoni mwa kaya za vijijini zilizokuwa na umeme wa aina yoyote, karibu theluthi mbili zilikuwa zinautoa kwenye sola. Kibatari hakikuuawa na nguzo ya Tanesco. Kiliuawa na kipaneli cha wati 20 kilichofungwa kwa waya juu ya bati, kikiwasha taa tatu na kuchaji simu za jirani kwa shilingi mia mbili tatu.

Nenda Ziwa Victoria usiku wa giza, siku ambazo mwezi haupo, maana dagaa hawavuliwi kwenye mwanga wa mwezi. Zamani kila mtumbwi ulibeba karabai, na mafuta ya taa yalikuwa yanakula sehemu nene ya mauzo kabla hayajafika mwaloni. Siku hizi taa nyingi zinazoelea ni za balbu ndogo na betri iliyochajiwa mchana kutwa kwa jua. Karabai ililipuka, ilizimwa na mawimbi, iliunguza mikono. Taa ya sola ikiingia maji inakaushwa. Hakuna waziri aliyezindua jambo hilo, na sidhani kama lipo katika takwimu za gridi.

Soko hilo huria lina uchafu wake pia. Ukiingia maduka ya sola Kariakoo utakuta paneli mbili zenye ukubwa uleule, moja imeandikwa wati 150, nyingine wati 300, na ya pili bei yake imezidi kidogo tu. Hiyo ya pili ni lebo iliyochapishwa. Paneli nzuri ya kisasa inatoa takriban wati 200 kwa kila mita mraba ya kioo, basi. Mwenye futi ya kupimia hadanganywi. Betri ni hivyohivyo. Betri ya maji au ya jeli ya ampea-saa 100 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu yake, lakini muuzaji hakwambii, na mnunuzi anaikamua kila usiku hadi taa zinafifia. Baada ya mwaka na nusu imekufa. Mwanakijiji anahitimisha kwamba sola haifai, na betri inauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambao wanamwaga tindikali mtaroni na kwenda kuyeyusha risasi karibu na makazi. Shirika la Viwango (TBS) lina kazi zaidi pale kuliko mahali pengi linapoonekana likifanya misako.

Sh100 kwa uniti

Kati ya kipaneli cha juu ya bati na mtambo wa Kishapu kuna ngazi ya tatu ambayo tuliijenga vizuri halafu tukaivunja kwa mkono wetu. Kuanzia 2008, Tanzania ilikuwa na taratibu za wazalishaji wadogo zilizosifiwa Afrika nzima. Kampuni binafsi zikaja na gridi ndogo za kijiji: paneli, betri, jenereta la akiba, nguzo fupi na mita. Kisiwa cha Ukara, upande wa Ukerewe, kiliwashiwa mtambo wa namna hiyo 2016, kilowati 60 pale Bwisya, na mashine za kusaga, saluni na friji za soda zikaanza.

Bei ndiyo iliyoleta ugomvi. Gridi ndogo inayohudumia nyumba mia chache, yenye betri za kubadilisha na fundi wa kukaa kisiwani, haiwezi kuuza uniti kwa bei ya Rufiji. Ilikuwa ikiuza kwa bei kubwa mara nyingi kuliko Tanesco. Mwananchi wa kisiwani anajua kwamba mwenzake wa kijijini Kahama analipa Sh100 kwa uniti akiwa chini ya uniti 75 kwa mwezi, na anauliza swali ambalo mbunge hawezi kulikwepa: mimi si Mtanzania? Mwaka 2020 serikali ikaagiza gridi ndogo nazo ziuze kwa Sh100. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki. Wawekezaji wakafunga mikoba, nao walikuwa na haki.

Kilichokosekana ni mtu wa tatu kulipa tofauti. Tanesco inapouza kwa Sh100, hasara yake inafidiwa na wateja wakubwa na hazina. REA inapoiunganisha nyumba ya kijijini kwa Sh27,000, gharama halisi iliyobaki inalipwa na mfuko wa umma. Gridi ndogo iliambiwa itoe bei ya ruzuku bila ruzuku. Kwa visiwa na vitongoji vya mbali ambako nguzo itachukua muda kufika, kumlipa mwenye gridi ndogo kwa kila uniti aliyouza, kama tunavyolipa mkandarasi kwa kila nguzo, kungekuwa rahisi kuliko kuvuta waya wa kilovolti 33 kwa ajili ya nyumba thelathini. Ahadi tuliyoiweka mezani Januari 2025, kwenye mkutano wa nishati wa wakuu wa Afrika Dar es Salaam, ni kutoka asilimia 46 ya watu kupata umeme hadi 75 ifikapo 2030. Vijiji karibu vyote vimefikiwa. Vitongoji ndiyo kazi, na vitongoji vimetawanyika.

Wakubwa wanapoondoka

Upande wa mjini hatari ni tofauti. Bei ya paneli duniani imeshuka kwa karibu asilimia 90 katika muda wa miaka kumi na kitu, na viwanda vya China vinazalisha kuliko vinavyoweza kuuza. Kituo cha utafiti cha Ember kilihesabu kuwa Afrika iliingiza paneli za zaidi ya megawati 15,000 katika miezi 12 iliyoishia Juni 2025, ongezeko la asilimia 60. Mwenye kiwanda Vingunguti au mwenye hoteli hahitaji ruhusa ya mtu kupiga hesabu: uniti ya Tanesco kwake ni zaidi ya Sh200, ya paa lake ikishalipiwa ni chini ya hapo, na haikatiki saa sita mchana.

Ninampongeza. Lakini yeye ndiye aliyekuwa anamlipia mwenye Sh100. Akipunguza manunuzi yake mchana na kubaki na Tanesco kwa ajili ya usiku tu, shirika linabaki na nguzo zilezile, mikopo ileile na mteja maskini. Pakistan iliyaona haya wazi: 2024 iliingiza paneli za takriban megawati 17,000, wenye uwezo wakajitoa, na mzigo wa mikataba ya mitambo ya zamani ukawaangukia waliobaki, ambao bei zao zikapanda, wakajitoa nao. Kenya ilijaribu kuwahi kwa kuandika katika Sheria ya Nishati ya 2019 kwamba mwenye paneli anaweza kuingiza ziada kwenye gridi na kufidiwa kwa uniti. Sisi pia tunahitaji utaratibu ambao mwenye kiwanda ataona faida ya kuuza ziada yake ya Jumapili kuliko kuikata waya. Bei ya ununuzi isiwe ya kumtajirisha. Iwe bei ya tangi la maji alilotuokolea.

Wanaopinga watataja mikataba, na siwalaumu. Kampuni binafsi ya umeme ya IPTL ilituachia kovu: mkataba wa 1995, mtambo wa megawati 100 wa Tegeta, malipo ya uwezo yaliyotulazimu kulipa hata mtambo ukiwa umezimwa, hadi sakata la akaunti ya Escrow 2014. Tangu hapo neno «mwekezaji binafsi wa umeme» linatia shaka hata likisemwa na mtu mwema. Ila sola ina sifa moja inayosaidia: haina mafuta ya kupandisha bei katikati ya mkataba, wala hesabu za kufichika za matengenezo. Gharama karibu yote iko siku ya kwanza. Zambia ilipoita zabuni ya wazi 2016, mshindi alitoa bei ya senti 6 za dola kwa uniti, na kila mtu aliisoma. Kilichotuumiza na IPTL na Richmond ni kujadiliana gizani, nchi ikiwa na dharura shingoni. Zabuni inayoitwa wakati umeme umezidi, kama sasa, ni zabuni ambayo mnunuzi ana nguvu.

Zanzibar wana sababu yao ya pekee. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba tangu 1980. Mei 2008 ulikatika kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na kisiwa kikakaa miezi mitatu kikisikiliza majenereta. Waya mpya wa megawati 100 ulilazwa 2013 kwa msaada wa Marekani, na utalii ukaumeza haraka. Kila megawati ya jua inayofungwa Makunduchi au juu ya paa la hoteli ni megawati isiyopita Fumba. Kule Kinyasini, akina mama wa vijijini, baadhi yao wasiosoma, wamekuwa wakifundishwa kufunga na kutengeneza sola za nyumbani kwa miaka kadhaa, na ninawaamini kuliko nusu ya wenye vyeti wa Kariakoo.

Kuhusu kupika, tusidanganyane: kaya nyingi za nchi hii bado zinapika kwa kuni na mkaa, na paneli ya wati 20 haichemshi maharage. Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya watu waache kuni na mkaa ifikapo 2034. Wengi watakwenda kwenye gesi ya mtungi, lakini Tanesco nayo imekuwa ikihamasisha jiko la umeme la presha, na lina sifa yake: maharage kwa chini ya uniti moja. Jiko hilo linavuta takriban wati 1,000. Nyumba milioni moja zikiliwasha pamoja saa moja jioni ni megawati 1,000, karibu nusu ya Rufiji, kwa ajili ya chakula cha usiku peke yake.

Maji ya saa hiyo yatatoka kwenye mchana. Awamu inayobaki ya Kishapu, megawati 100, ndiyo kipimo cha karibu. Ikitangazwa kwa zabuni iliyo wazi, yenye bei kwa uniti na tarehe, wenye mitaji wataleta nyingine Singida, Dodoma na Manyara bila kuombwa. Ikikaa kwenye faili kwa sababu leo umeme umezidi, viwanda vitaendelea kufunga paneli zao wenyewe, Kanda ya Kaskazini itaagiza kwa jirani, na Rufiji itaendelea kumwaga matangi yake saa sita mchana.